Mwizi wa Fuwele

Ndugu msomaji, nakuomba tuhukumu kesi moja. Kule rasi ya Keweenaw, jimbo la Michigan, Marekani, shaba hupatikana ardhini ikiwa shaba tupu, haijachanganyika na kitu. Zaidi ya miaka bilioni moja iliyopita maji ya moto yalipenya miamba ya volkano, na palipokuwa na uwazi shaba ikaota fuwele. Nyingine zina pembe kama dadu, nyingine zina matawi kama kijiti. Mimi nimeziona pichani tu, na hata hivyo zilinikosesha usingizi.

Makampuni yaliyoanza kuchimba huko miaka ya 1840 hayakuwa na habari na urembo. Shaba ilikuwa uzito, basi. Fuwele ilisagwa kinuni pamoja na mawe, ikaishia kwenye tanuri. Lakini wako wachimbaji waliokuwa wakiona fuwele nzuri wanaificha kwenye mkebe wa chakula na kutoka nayo. Migodi ile imekwisha. Ule wa Quincy, ulioanza mwaka 1846, ulifungwa 1945. Leo baadhi ya fuwele zinazogombewa na wakusanyaji zimesalimika kwa sababu ya mikebe ile.

Sheria inasema ni wizi. Miye nasema, jamani, tusiwe na haraka. Tajiri alipoteza shaba kidogo ya kuyeyusha. Dunia ilipata kitu ambacho kisingepatikana tena.

Ila utetezi huu una hatari yake. Kila mwenye mkono mrefu atasema, "Nimeokoa!" Kando ya mto Ontonagon, Michigan hukohuko, palikuwa na jiwe la shaba lenye kilo zaidi ya 1,600, ambalo Waojibwe, wenyeji wa nchi ile, waliliheshimu kama kitu kitakatifu. Mwaka 1843 mfanyabiashara Julius Eldred aliling'oa, serikali ikamnyang'anya, likapelekwa Washington. Mwaka 1991 Waojibwe waliomba warudishiwe. Hawakurudishiwa. Utaniambia Eldred alikuwa amelilipia. Kweli, lakini kitu kitakatifu cha watu wote, nani ana haki ya kukiuza?

Tena jiwe lile liliokolewa na nini? Hakuna tanuri lililokuwa likilingoja pale mtoni. Lilikuwa kwao, na wenyewe walikuwapo.

Basi mimi napima hivi: kitu kingepatwa na nini kama kisingechukuliwa? Na kilipochukuliwa, nani alibaki analia? Mchimbaji wa mkebe namwachia huru. Wa jiwe la Ontonagon siwezi.

Wakusanyaji huandika jina la mgodi kwenye kikaratasi cha kila fuwele. Jina la aliyeitoa chini mara nyingi halimo. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: aandikwe naye, hata kama ni "mchimbaji mmoja" tu.