Anapokufa Msikilizaji

Siku hizi habari ya msiba wa mwanamuziki hutufikia kisiwani Fundo kabla mashua ya asubuhi haijarudi kutoka Wete. Ndivyo tulivyopata ya Bi Kidude, Aprili 2013. Aprili iliyofuata Mombasa ikamzika Juma Bhalo. Mwaka 2016 wakatutoka Bi Shakila Saidi na fundi wa udi, Zein l'Abdin, mzaliwa wa Lamu. Novemba 2024 akafuata King Kikii. Kila mmoja alisindikizwa kwa haki yake: rambirambi zikamiminika, redio zikazipiga nyimbo zao, magazeti yakaandika wasifu.

Hivi karibuni amefariki pia jirani yetu mmoja hapa kisiwani. Alikuwa mvuvi, hakuimba hata ubeti, na jina lake halikutangazwa popote ila msikitini. Alikuwa msikilizaji tu. Akienda dago kuvua, redio ilikwenda naye, imeviringishwa kwenye nailoni, na mawe ya redio yakidhoofika aliyaanika juani yapate nguvu ya usiku mmoja zaidi. Ukipigwa wimbo wa kikundi cha Malindi au cha Culture, hakukwambia nani anaimba. Hilo kila mtu alilijua. Alikwambia nani anaimbwa. "Hapa karushiwa kijembe," angesema, "ngoja usikie alivyojibu."

Taarabu yetu ndivyo ilivyo. Mshairi hutaja ua, chombo au ndege, na anayesemwa ni mtu. Mwenye kwenda kutuza huchagua ubeti wa kuinukia. Akipita mbele na noti yake, keshasema neno zito bila kufungua mdomo, na aliyekusudiwa amelisikia. Kanda hunasa sauti na fidla. Hainasi nani aliinuka, wala nani alibaki kitini kanuna.

Mtazame Siti binti Saad. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi santuri, na sauti yake tunayo hadi leo. Miongoni mwa nyimbo zake ni ule wa Kijiti, kuhusu mtu aliyemuua mwanamke akatoroka. Watu wa Ng'ambo ya mji wa Unguja waliousikia zama zile hawakuhitaji kuelezwa chochote, kwani mkasa waliuishi. Sisi tunahitaji watafiti watufafanulie. Wimbo haukupotea, waliopotea ni wale walioshtuka walipousikia.

Najua atakayesema namkweza mtu aliyekaa tu akasikiliza. Lakini wimbo haujawahi kuwa mali ya mtu mmoja. Bhalo mwenyewe aliimba tungo nyingi za binamu yake, Ahmad Nassir, Malenga wa Mvita. Na kile "Kitambaa Cheupe" cha King Kikii kilikamilika pale ukumbi mzima ulipoinua vitambaa. Yuko anayetunga, yuko anayeimba, yuko anayepokea. Wawili wa mwanzo tunawaandikia wasifu. Wa tatu tunamzika na elimu yake.

Kwa huyu wetu kulikuwa na jambo jingine. Hapa penye msiba redio huzimwa, na ndiyo adabu. Maiti anahitaji dua, hahitaji fidla. Khitma ikasomwa, kisha watu wakaketi kumtaja kwa wema: ukarimu wake, ujuzi wake wa mikondo ya bahari, uhodari wake wa kupatanisha waliogombana. Mapenzi yake ya taarabu hayakutajwa na mtu, kana kwamba ni aibu ya kusitiriwa. Nami nilinyamaza, kwa kuwa si mahali pake. Ila nilikuwa najua ule upatanishi wake ulitoka wapi. Mara ngapi nimemwona anaingia kwenye ugomvi wa mume na mke, au wa wavuvi walioraruliana nyavu, akatupa kauli moja ya mafumbo, waliokunjana wakacheka wote wawili? Kauli zile hakuzisoma chuoni. Alizipata kwa kusikiliza, usiku baada ya usiku, maneno ya watu waliojua kusema ukali bila kutukana. Leo tunatukanana kwenye simu kwa herufi kubwa.

Ameacha boksi la kaseti, na vijana wake wanataka kuzihamishia kwenye simu. Wafanye hivyo, tena haraka, maana unyevu wa bahari hauna subira. Lakini kazi iliyo kubwa haifanywi kwa mashine. Marika zake wamebaki wachache hapa Fundo, Ukunjwi na Wete. Anayetaka kuwaenzi waimbaji waliotangulia akakae na hao, awapigie wimbo mmoja wa zamani, aulize: huu ulimchoma nani? Mzee akikataa kutaja jina usikasirike, naye anamsitiri mtu. Walau utakuwa umejua kwamba mtu alikuwepo.