Vijana wa Chuo Kikuu na Soko la Simu

Twamshukuru Mwenyezi Mungu, na twamsalia Mtume wake Muhammad (S.A.W.), na Aali zake na Sahaba zake.

Ama baada ya hayo: wazazi wengi watuuliza khabari ya vijana wetu walioko vyuo vikuu vya Mombasa, Kilifi na Nairobi. Mmoja auza mabuibui katika WhatsApp, mwengine viatu katika Instagram, na fedha huzipokea kwa M-Pesa. Je, huku ni kujifunza au ni kupoteza wakati?

Jawabu letu ni kwamba soko ni skuli. Abdurrahman bin Auf alipohamia Madina, Saad bin Rabii alitaka kumgawia nusu ya mali yake. Hakuichukua, alimwombea baraka, akataka aonyeshwe soko. Akaelekezwa soko la Banu Qaynuqa, akaanza kwa jibini na samli. Basi mitandao hii nayo ni soko. Humo mwanafunzi hujua bei za wenziwe, husikia malalamiko ya wanunuzi, na humpata wa kumuuliza aliyemtangulia katika kazi. Ujasiriamali wa vitabuni peke yake haumpi haya. Mwenye kuyaharimisha yote hana hoja.

Lakini soko lina sheria. Wako waichukuao picha ya bidhaa ya duka la mtu, wakaiuza kama kwamba ni yao, wakapokea fedha, ndipo wakaenda kuitafuta. Pengine haipatikani, na fedha zimekwisha kutumika. Mnunuzi akidai, hufungiwa asiweze hata kuandika. Hakim bin Hizam alimuuliza Mtume (S.A.W.) juu ya mtu amjiaye kutaka kitu asichokuwa nacho, naye aende kukinunua sokoni. Mtume alimkataza kuuza asicho nacho.

Wala njia haikufungwa. Kijana na awe dalali wa mwenye duka kwa ujira unaojulikana. Au na afanye biashara ya salam, bei ilipwe yote mbele, na sifa za bidhaa, kiasi chake na muda wake vijulikane.

Sayyidna Umar hakutaka auze katika soko la Madina ila aliyefahamu dini. Basi enyi wazazi, msiwanyang'anye vijana simu zao. Waleteni darsani wausome mlango wa biashara kabla hawajapokea shilingi ya mtu.

Wa billahi tawfiq.