Mwalimu akiweka chaki chini, nani amemwacha mtoto?

Kuna swali moja ambalo vijana wa kikundi chetu hawataki kuliacha. Tunakaa kujadili ndoa za mapema, au bangi, au mpira, na mwishowe mtu analirudisha: mwalimu akigoma, nani ana kosa? Wengine wanasema mwalimu, kwa sababu yeye ndiye aliyetoka darasani. Wengine wanasema serikali, kwa sababu haikulipa. Na wapo wanaosema hakuna mwenye kosa, ni hali tu ya Congo. Hilo jibu la tatu ndilo linaloniudhi zaidi, na nitaeleza kwa nini.

Nachukua mfano wa nyumbani, maana wengi wetu humu tumefundishwa na walimu waliogoma, na wengine tumezaliwa nao. Nachukua nyakati mbili ambapo serikali yetu ilikuwa ya mseto, yaani watu waliokuwa wapinzani au hata maadui walikaa meza moja na kugawana vyeo.

Wakati wa kwanza ni ule wa "1+4". Wazee wanaukumbuka vizuri. Baada ya mkataba wa Pretoria wa Desemba 2002, uliokamilishwa Sun City mwaka 2003, nchi ikapata rais mmoja, Joseph Kabila, na makamu wanne: Jean-Pierre Bemba wa MLC, Azarias Ruberwa wa RCD, Abdoulaye Yerodia wa upande wa rais, na Arthur Z'ahidi Ngoma wa upinzani usiokuwa na silaha. Kila makamu alipewa tume ya kuongoza. Uchumi na fedha zilikwenda kwa Bemba, siasa na ulinzi kwa Ruberwa, ujenzi na maendeleo kwa Yerodia, mambo ya jamii na utamaduni kwa Z'ahidi Ngoma. Kusudi lilikuwa jema: mwenye bunduki apate kiti ili aiweke bunduki chini. Siwezi kulicheka kusudi hilo, sisi tuliokimbia bunduki.

Lakini angalia mwalimu anakaa wapi katika mpango huo. Shule ni jambo la jamii. Mshahara ni jambo la fedha. Na juu ya wote yuko rais. Mwalimu ni mmoja, milango ni mitatu, na nyuma ya kila mlango kuna mtu asiyemwamini mwenzake.

Februari 2004 serikali hiyo ilikutana na vyama vya wafanyakazi wa serikali huko Mbudi, pembeni ya Kinshasa. Wakakubaliana ngazi mpya za mishahara. Mfanyakazi wa chini kabisa, huissier anayekaa mlangoni mwa ofisi, angepata dola 208 kwa mwezi. Mwalimu angekuwa juu yake. Saini zikawekwa. Miaka ikapita, uchaguzi wa 2006 ukafika, cheo cha makamu wa rais kikaisha, na ngazi ile haikufikiwa. Baadaye kila chama cha walimu kilipokwenda kudai, neno Mbudi lilitajwa tena, kama deni ambalo mtoto amerithi kutoka kwa baba.

Sasa nani alivunja ahadi ya Mbudi? Hapo ndipo akili inachoka. Wa jamii anaweza kusema yeye hashiki pesa. Wa fedha anaweza kusema hazina ni tupu kwa sababu ya vita. Wa ulinzi anaweza kusema jeshi lazima lile kwanza, la sivyo vita vitarudi. Na kila mmoja akisema hivyo hatakuwa mwongo. Watu watano wanaweza kuvunja ahadi bila hata mmoja wao kujiona ameivunja. Kwa hiyo yule anayesema "ni hali tu ya Congo" anawasaidia hao watano bila kujua. Anawapa njia ya kutokea.

Mama zetu wanaochukua mkopo wa kikundi wanajua zaidi ya mawaziri katika jambo hili. Wakikopa watu watano pamoja, na mmoja akashindwa, mwenye pesa hakubali kusikia "mimi nimelipa fungu langu". Kila mmoja anadaiwa deni lote mpaka liishe. Ndiyo maana kabla ya kuungana wanachunguzana: huyu anauza nini, yule ana tabia gani. Mimi naona serikali ya mseto inapaswa kuhukumiwa hivyohivyo. Mkikubali kugawana viti, mmekubali kubeba deni pamoja. Ukitaka heshima ya serikali nzima siku ya kuapishwa, huwezi kuwa robo ya serikali siku ya kulipa.

Wakati wa pili uko karibu zaidi, na hata wadogo zangu wanaukumbuka. Félix Tshisekedi aliapishwa Januari 2019, lakini wabunge wengi walikuwa wa FCC, muungano wa Kabila. Ikachukua miezi saba mpaka serikali kutangazwa, na ilipotangazwa FCC walipata viti 42, na CACH, upande wa rais mpya, 23. Mwezi uliofuata, Septemba 2019, rais akaanza kutekeleza elimu ya msingi bila malipo. Katiba ya 2006, kifungu cha 43, ilikuwa imeshasema elimu hiyo ni ya lazima na ni bure, lakini kwa miaka 13 ilibaki kwenye karatasi.

Tazama jinsi mambo yalivyopangwa. Ahadi ilikuwa ya rais, wa CACH. Wizara ya shule za msingi na sekondari ilikuwa kwa FCC, na Wizara ya Fedha pia. Wizara ya Bajeti ilikuwa kwa CACH. Mpango ukifaulu, sifa zinakwenda upande mmoja. Ukishindwa, kila upande una mtu wa kunyooshea kidole. Hawa watasema "wenzetu wanatuhujumu". Wale watasema "mliahidi bila kuhesabu". Wakati huohuo watoto walimiminika shuleni, madarasa mengine yakapita watoto 100, na mwalimu wa mjini aliyekuwa anaishi kwa prime ya wazazi akaona prime imekatwa kabla mshahara haujapanda vya kutosha. Na bado kulikuwa na wale wanaoitwa nouvelles unités na non payés: wanafundisha kila siku, lakini majina yao hayajaingia kwenye orodha ya malipo.

Oktoba 2020 shule zilipofunguliwa, baada ya kufungwa kwa miezi kwa sababu ya korona, walimu wengi, hasa wa shule za Kikatoliki, hawakuingia darasani. Miezi miwili baadaye, Desemba 6, rais alitangaza kwamba ushirikiano na FCC umekwisha.

Katika nyumba iliyogawanyika namna hiyo, mgomaji anapata marafiki haraka sana. Mwanasiasa ambaye jana hakujua shule yako iko wapi, leo anasema njaa yako inamuuma. Kijana mmoja wa kikundi chetu akauliza: basi si walimu walikuwa wanatumiwa tu? Kama mgomo wako unamfurahisha mkubwa anayetaka kumwangusha mwenzake, bado ni mgomo wa haki?

Jibu langu ni kwamba njaa haibadiliki kwa sababu ya mtu anayeitangaza. Nikikuambia nyumba yako inaungua, na mimi nina sababu zangu mbaya za kufurahi, moto bado ni moto. Lakini mgomaji ana wajibu wa kujilinda asikodishwe, na nadhani kuna njia mbili za kujipima. Ya kwanza: mkubwa wa upande huu na wa upande ule wakibadilishana viti kesho, madai yako yatabaki vilevile? Yakibadilika, hayakuwa yako. Ya pili: mgomo unaisha lini? Ukiisha siku mshahara umeingia, ulikuwa wa walimu. Ukiisha siku waziri ameanguka na mshahara bado, basi kuna mtu alikopa miguu yenu kutembelea.

Sasa tufike kwenye jambo gumu. Mama mmoja wa kamati ya wazazi alituambia hivi, na sijamsikia mtu akimjibu vizuri: "Mwalimu ana njaa, sawa. Waziri ni mwizi, sawa. Lakini mutoto wangu alisaini nini? Yeye alikuwa Mbudi ao alikuwa Sun City?"

Ni kweli kabisa. Mtoto hakusaini chochote. Mgomo wa mwalimu haumpati waziri moja kwa moja, maana watoto wa waziri hawasomi pale. Unampata waziri kwa kupitia mtoto wa mtu mwingine. Anayesema mgomo hauna maumivu hajawahi kumwona mtoto wa darasa la sita akizurura Oktoba nzima, baada ya kuzurura tangu Machi.

Lakini nawaomba wazazi wangu tuangalie pia upande wa pili, wa kutogoma. Miaka ya mwanzo ya 1990, serikali ya Mobutu ilipoacha kulipa, walimu waligoma muda mrefu, na suluhisho likawa wazazi kuchangia prime ili masomo yaendelee. Kanisa lilisaidia kupanga hilo, na liliokoa shule nyingi. Watu walifanya vile kwa upendo. Matokeo yake ni kwamba kwa zaidi ya miaka 25 serikali ilijifunza kuwa shule zinakwenda hata isipolipa. Na katika miaka hiyo yote, kila muhula, mtoto ambaye wazazi wake hawana alisimamishwa mbele ya wenzake na kurudishwa nyumbani. Yeye naye hakusaini chochote. Tofauti ni kwamba yeye alifukuzwa peke yake, kimyakimya, na hakuna redio iliyosema.

Kwa hiyo mtoto anaumia mwalimu akigoma, na mtoto anaumia mwalimu akivumilia. Hakuna njia safi. Mimi nachagua ile ambayo aliye na deni anaamshwa, lakini naichagua pamoja na masharti. Mwalimu anayegoma ana deni kwa mtoto, hata kama halingani na deni la serikali. Awaambie wazazi mapema, kwa maneno yanayoeleweka, anadai nini na kwa nani. Aliache darasa la mtihani liendelee kama inawezekana. Akirudi, asimwadhibu mtoto kwa masomo ambayo hayakufundishwa, na afidie saa zilizopotea. Hayo hayavunji nguvu ya mgomo. Yanamwonyesha mzazi kwamba ugomvi si na mwanawe.

Oktoba 2021, walimu wakiwa wamegoma tena, wanafunzi wa Kinshasa waliingia wenyewe mpaka Palais du Peuple, nyumba ya Bunge. Mwaka huohuo nchi nzima ilizungumza juu ya jeep za Hyundai zilizotolewa kwa wabunge 500. Sisemi watoto wapelekwe barabarani, ni hatari. Nasema tu kwamba wao walijua mlango wa kugonga.

Humu kambini jambo hili si historia. Mwalimu mkimbizi anapokea posho, siyo mshahara. Anafundisha watoto wengi kuliko wenzake wa nje, na mgao wa chakula ukipungua anakaa kwenye foleni ileile na wanafunzi wake. Akiuliza kwa nini posho imechelewa, shirika linasema mfadhili. Mfadhili yuko mbali. Ofisi nyingine inasema sheria za nchi. Nyingine inasema bajeti ilishafungwa. Ndugu zangu mnaofanya kazi kwenye mashirika, najua wengi wenu mnasema kweli mnapojibu hivyo, na wengine mikataba yenu wenyewe inaisha baada ya miezi mitatu. Lakini mkijumlishwa, majibu yenu ya kweli yanafanana sana na yale ya watu watano wa Kinshasa. Mwalimu anabaki na majibu manne mazuri na mfuko mtupu.

Simwambii mwalimu wa hapa agome. Hana chama, hana mkataba wa kumlinda, na nafasi yake inaweza kujazwa kesho na kijana mwenye diploma ambaye naye ana njaa. Mara nyingi anagoma kwa njia moja tu: anaacha kimya, anakwenda kuchoma mkaa au kuuza sokoni, na darasa linaunganishwa na lingine. Mgomo huo hauna tarehe ya kuisha, na hakuna anayekuja kuuzungumza mezani.

Ninachoomba ni kidogo. Ahadi yoyote inayotolewa kwa walimu na wahudumu wa afya wa kambi hii iandikwe, iwe na tarehe, na iwe na jina la mtu mmoja ambaye tutamfuata tarehe ikipita. Mashirika yakiungana kuahidi, yakubaliane kwanza, kabla ya kuja kwenye mkutano, nani atasimama mbele yetu kujibu kwa niaba ya wote. Na sisi vijana tuache kusema "ni hali tu". Tulipokuwa wadogo hatukuweza kuuliza ni nani. Sasa tunaweza, na tuulize kwa heshima, tena na tena, mpaka mtu aseme "ni mimi".