Diya ya Mashine

Jioni moja ya mwezi wa Novemba, nilipokuwa bado mgeni katika mji wa Dortmund, Ujerumani, ambako nilikwenda kusomea uhandisi wa roboti na mitambo ijiendeshayo, Ami yangu, ambaye ni maalimu wa chuo huko Lamu na ambaye umri wake wote hajapata kusafiri kupita Mombasa, aliniuliza kwa simu suali la diya, yaani fidia ya damu, ambalo sikuwa nimelisikia kwa mwalimu yeyote tangu nianze masomo: "Mwanangu, hiyo mashine yenu ikimuua mtu, diya yake iko juu ya nani?" Nilimjibu kwa haraka kwamba sheria ipo, na bima ipo. "Sikukuuliza ni nani atakayetoa fedha," akasema kwa upole. "Nimekuuliza ni nani mwenye dhima."

Suali lile halikuniacha. Kabla ya kupokewa chuo kikuu, mwanafunzi atokaye ng'ambo aghalabu hutakiwa aandike barua ya kudhihirisha nia yake, aeleze kwa nini ameichagua elimu hii na si nyingine. Kisha, ili apate viza, huweka benki fedha za kumtosha mwaka mzima, ambazo kwangu mimi zilikuwa Yuro 11,904, na sikufunguliwa ila Yuro 992 kila mwezi. Shamba la minazi la marehemu babu yangu limo ndani ya hesabu hiyo. Katika barua yangu nilikuwa nimeandika kwamba nataka kumpunguzia mwanadamu taabu ya kazi, na niliandika kwa moyo safi. Lakini Ami aliponiuliza ndipo nilipoona kwamba nilitaja taabu nitakayoiondoa, nisitaje hata neno moja juu ya dhima iliyoambatana na taabu hiyo tangu zamani, na ambayo haiondoki pamoja nayo.

Pale chuoni pana treni iliyoning'inia chini ya reli yake, ipitayo hewani baina ya sehemu mbili za chuo, nayo tangu mwaka 1984 huenda bila ya dereva. Sisi watu wa pwani hatupandi chombo ila tumemjua nahodha wake, ni mtu wa namna gani na anazijuaje pepo za Kusi na Kaskazi, na bahari ikichafuka twamtazama yeye uso kabla ya kuyatazama mawimbi. Siku ya kwanza nilipoingia katika behewa lile nilikaa mbele kabisa, mahali ambapo dereva angalikaa, pakawa na kioo kitupu na ukungu nje; nikasoma dua ya safari kama nilivyofundishwa, na milango ikajifunga. Nilidhani chombo kile hakina nahodha. Sasa nasema kwamba kinao manahodha wengi mno, na kila mmoja wao yuko nyumbani kwake.

Katika maabara, mwanafunzi aufundishaye mkono wa roboti njia za kupita hushika kibao chenye kioo, na nyuma ya kibao hicho, mahali vidole vinapokaa, mna swichi yenye hali tatu. Ukiiacha, mkono wa roboti husimama. Ukiibonyeza nusu, huruhusiwa kutembea, tena kwa mwendo usiozidi milimita 250 kwa sekunde. Ukiikaza mpaka mwisho, husimama tena. Muradi wa hali hiyo ya tatu ni kwamba walioitunga waliijua tabia ya binadamu aliyeingiwa na hofu, kuwa yumkini ataachia kila alichokishika na yumkini atakikaza kwa nguvu zake zote, na katika hali zote mbili haifai mashine iendelee. Mimi nilikaza. Nilikuwa nimekosea mhimili, mkono ule wa chuma ukaja upande wangu, na kabla sijafahamu nimefanya nini ulikuwa umekwisha simama, shubiri tatu kutoka kifuani mwangu. Breki zake zililia mara moja, kisha kimya. Nimeitafakari swichi ile kuliko hesabu nyingi nilizofundishwa, kwa sababu ndani yake wahandisi wenyewe wameungama kwamba, maadamu mashine yaweza kudhuru, hapana budi pawe na mkono wa mtu mwenye akili na hiari, ushikao kwa kiasi.

Wala fikira hizi si ngeni kwa Waislamu. Mwaka 1206, katika mji wa Amid, ambao leo huitwa Diyarbakır na umo katika nchi ya Uturuki, fundi Ismail al-Jazari alikamilisha kitabu chake juu ya sanaa ya hiyal, neno ambalo lugha yetu ililipokea likiwa hila, tukabaki na upande wake wa udanganyifu tukaupoteza ule wa ufundi, jambo ambalo lanisikitisha. Asimulia humo kwamba mfalme wake alichukia kumiminiwa maji ya udhu na mtumishi au kijakazi, akamtaka amtengenezee chombo cha kumiminia; naye akamtengenezea, na katika vyombo vyake vingine akaweka masanamu yaletayo sabuni na kitambaa, yakiendeshwa kwa maji na chelezo. Ni maajabu ya kweli. Lakini sisi tufuatao madhehebu ya Imam Shafi twajua kwamba faradhi ya kwanza ya udhu ni nia, nayo huhudhurishwa moyoni wakati wa kuosha uso. Chombo kile kilimmiminia mfalme maji, wala hakikuweza kumnuilia.

Nami husita zaidi katika ile chuki ya mfalme, kutaka ahudumiwe pasipo kuonana na uso wa mtu. Neno roboti lilitokea katika tamthilia ya Karel Čapek, Mcheki, mwaka 1920, naye alipewa na nduguye Josef. Asili yake ni neno la Kicheki la kazi ya lazima aliyotumikishwa mkulima katika ardhi ya bwana wake, ambayo sisi twaiita shokoa. Pwani yetu, ambako utumwa ulifutwa kisheria Unguja mwaka 1897 na Tanganyika mwaka 1922, haiwezi kulisikia neno hili kama walisikiavyo wengine. Bwana aliyezoea watumwa alijizoeza ovu kubwa kuliko uvivu, nalo ni kutenda kwa mkono wa mwingine kisha aseme, sikutenda mimi. Mashine haina nafsi ya kudhulumiwa, na kwa hiyo kuitumikisha naona ni halali kabisa; hofu yangu ni juu ya ile kauli ya bwana.

Nikarejea kisa cha Nabii Daudi na Nabii Suleiman, kilichotajwa katika Sura ya Al-Anbiyaa, cha kondoo walioingia usiku katika shamba la watu wakalila. Hapana aliyewaamrisha. Walakini mafakihi wetu wamehukumu kwamba mnyama akiharibu usiku mwenyewe hulipa, kwa kuwa usiku ni wajibu wake kumfunga, na akiharibu mchana pasipo mwenyewe kuwa naye, hasara ni ya mwenye shamba, kwa kuwa mchana ni juu yake kulilinda. Hukumu hii haikumuuliza mnyama amekusudia nini. Imeuliza ilikuwa zamu ya nani kulinda. Leo ziko roboti zijifunzazo zenyewe kwa kujaribu na kukosea maelfu ya mara, mpaka aliyezitengeneza asiweze kusema kwa yakini kwa nini zimekwenda kushoto zisiende kulia, na nimewasikia wanafunzi wenzangu wakisema kwamba hapo dhima ya mtu imekwisha. Siwaafiki. Amfunguliaye mnyama usiku, karibu na shamba la watu, na hali haijui tabia yake, amejiongezea dhima kwa kule kutojua.

Na katika kuua kwa kukosea, sheria huwatwika diya akila, yaani jamaa za muuaji kwa upande wa kuumeni, ili mzigo usimwelemee mtu mmoja. Mashine haina ukoo. Lakini wako walioichora, walioandika programu yake, walioiuza, walioifunga kiwandani, na anayechuma faida yake. Hao ndio akila yake, na natamani mno mafakihi wa Lamu, Mombasa na Unguja wakae pamoja na wahandisi walitazame jambo hili mapema.

Katika nchi za Umoja wa Ulaya, mtengenezaji hawezi kuiingiza mashine sokoni mpaka atoe hati ya kukiri kwamba imetimiza masharti ya usalama, na chini ya hati hiyo pawe na jina la mtu na saini yake. Nilimsomea Ami hati moja ya namna hiyo, nikitafsiri kifungu kwa kifungu, mpaka mwisho. Alinyamaza kitambo, nami nikisikia nyuma yake sauti za wanafunzi wakidurusu.

"Hapo pa saini," akasema, "hebu rudia."

Nikarudia.