Kuulizwa na Kukubali

Ahabu, mfalme wa Israeli, hakuanza kwa kunyang'anya. Alikwenda kwa Nabothi akamwomba shamba lake la mizabibu, akaahidi kumpa shamba jingine lililo bora, au fedha kama apenda. Wengi wetu tusimuliwapo habari hiyo twakumbuka mauaji tu, tukasahau ya kuwa kabla ya mauaji palikuwa na ombi la adabu na bei nzuri. Kosa la mfalme lilianza pale alipoambiwa "hapana", naye asikubali ya kuwa hilo nalo ni jibu.

Tumeikumbuka habari hiyo kwa ajili ya watu wa Xolobeni, katika nchi ya Wapondo, pwani ya mashariki ya Afrika ya Kusini. Wenyeji wa huko, jamii ya Amadiba, hulima mahindi, magimbi na viazi vitamu, hufuga ng'ombe, na makaburi ya wazee wao yamo kati ya nyumba zao. Katika mchanga wa pwani yao, kwa urefu wa kilomita 22 hivi, imo titani, madini yatumikayo hasa kutengenezea rangi nyeupe. Mchanga wa namna hiyo jirani zetu wa Kwale, Kenya, waliuona ukichimbwa mpaka mwisho wa mwaka 2024. Ule wa Xolobeni ulitakiwa na kampuni iliyotoka Australia.

Wenyeji waliunda kamati yao mwaka 2007. Mwaka 2008 serikali ilitoa kibali cha kuchimba. Wakapinga, na mwaka 2011 kibali kikafutwa. Mwaka 2015 ombi likaletwa tena. Tarehe 22 Machi 2016 mwenyekiti wa kamati, Sikhosiphi Rhadebe, alipigwa risasi nyumbani kwake na watu waliojidai kuwa polisi.

Walikuwako waliosema ya kuwa watu wa kijijini wasingepinga kama wasingechochewa na wageni wa mjini. Maneno hayo twayasikia mahali pengi, nayo yatuudhi, kwa maana yamfanya mkulima kuwa mtoto asiyejua hata aogope nini. Ilikuwa katika nchi hiyo hiyo ya Wapondo, juu ya kilima cha Ngquza, tarehe 6 Juni 1960, ambapo polisi wa serikali ya ubaguzi waliwafyatulia risasi watu waliokusanyika kuupinga utawala waliobandikiwa. Watu kama hao hawahitaji mwalimu wa kusema hapana.

Lakini shauri lililofika mbele ya Mahakama Kuu ya Pretoria halikuwa la ushujaa. Lilikuwa la neno moja. Sheria ya madini ya Afrika ya Kusini ya mwaka 2002 yataka wenyeji washauriwe. Sheria nyingine, ya mwaka 1996, iliyotungwa iwe ya muda tu na ambayo Bunge limekuwa likiihuisha mwaka hata mwaka, yasema mtu anayeishi juu ya ardhi kwa haki ya desturi asinyang'anywe haki hiyo pasipo ridhaa yake. Je, serikali itoe kibali baada ya kuwashauri tu, au mpaka waridhie? Tarehe 22 Novemba 2018 jaji aliamua ya kuwa sheria hizo mbili zasomwa pamoja, na ya kuwa pasipo ridhaa kamili ya jamii hiyo, iliyotolewa kwa kujua, waziri hana ruhusa ya kutoa kibali.

Sisi twaona jaji alisema kweli. Anayeuliza huku amekwisha kuamua hakuulizi, akuarifu. Nasi twayajua mambo hayo kwetu pia. Mkutano wa kijiji huitishwa, kitabu cha mahudhurio hupitishwa, kila mmoja hutia sahihi au dole gumba kuonyesha kwamba alikuwapo; na siku nyingine sahihi zile zile huonyeshwa kuwa ushahidi kwamba alikubali.

Kuna hoja moja ambayo hatuwezi kuipita upesi. Madini ni mali ya taifa lote. Sheria yetu ya Tanzania yasema hivyo, nasi twaiona ni haki, kwa sababu mama ajifunguaye katika zahanati isiyo na dawa, mbali na machimbo, naye ana fungu lake katika mali iliyo chini ya ardhi. Je, kijiji kimoja chaweza kumzuilia? Jibu letu ni kwamba yafaa kutazama ni kitu gani kila mmoja anaombwa kutoa. Taifa likikataliwa machimbo moja laweza kutafuta kodi mahali pengine, kwa shida, lakini laweza. Aliyehamishwa makaburi ya babu zake na kuharibiwa chemchemi hana pengine pa kuvitafuta. Fidia hulipa nyumba; haijui bei ya kisima.

Hata hivyo hatudai ya kuwa jamii husema kwa kinywa kimoja. Huko Xolobeni wako waliotaka machimbo, na si wote walionunuliwa. Kijana aliyezoea kuona wenzake wakiondoka kwenda kutafuta kazi migodini mbali, akisikia kazi yaja nyumbani, ana haki ya kushangilia. Naye ni mwenyeji. Ridhaa ya desturi huja polepole, kwa baraza refu, na pengine wazee humnyamazisha kijana, au wanaume humnyamazisha mwanamke alimaye lile shamba lenyewe. Twakiri kwamba hilo ni gumu, wala hukumu ya mahakama haikuliondoa. Lakini ugumu huo ni wa kutatuliwa barazani na wenyewe. Haumpi mgeni ruhusa ya kujichagulia wale wanaomwitikia na kuwaita ndio jamii.

Wenyeji walirudi mahakamani kwa jambo jingine, dogo kwa sura. Walikuwa wameomba nakala ya lile ombi la kampuni, waone ni nini hasa kinachotakiwa kwao, wakaelekezwa wapitie njia ndefu ya sheria ya kupata habari. Mwezi Septemba 2020 mahakama iliamua ya kuwa wenye ardhi wana haki ya kupewa karatasi hizo, wazisome kwanza.