Panda Dunguni Uone



Nilipokuwa nikifundisha jiografia nilizoea kuwaambia watoto kwamba Rufiji haina mahali pa kutazamia. Ubaoni nilichora Kilimanjaro, nikachora Uluguru, kisha bonde letu na delta yake nikavichora kwa mstari mmoja ulionyooka kama rula. Nikasema, hapa mtu haoni mbali kuliko mkoko ulio mbele yake. Nilikuwa kijana, nimetoka chuo cha ualimu juzi tu, wala sikufurahi kupangiwa huku. Sasa nimeombwa niandike neno juu ya nabii Habakuki, sura ya pili, aya ya kwanza, nami naona si haki kuandika kabla sijaungama jambo moja.

Ilikuwa mwaka 1984, mwezi wa Mei. Mtoto mmoja wa darasa la nne alichelewa siku tatu mfululizo, na siku tatu hizo nilimchapa. Siku ya nne hakuja. Mwalimu mkuu akaniambia, nenda wewe uliyemchapa, ukamtafute.

Wazee wetu wanakumbuka kwa nini shule zilikuwa juu na mashamba chini. Baada ya mafuriko ya mwaka 1968 Serikali iliwahamisha watu kutoka bondeni, wakaanza vijiji vipya kwenye ardhi ya juu katika Operesheni Rufiji ya mwaka 1969. Watu walihama, lakini majembe hayakuhama. Mpunga ulikuwa kule kule chini, kwa kuwa rutuba huletwa na mto. Basi nilishuka, nikavushwa mfereji kwa mtumbwi, nikapita matopeni viatu mkononi, mpaka nikafika chini ya dungu.

Kwa wasomaji wetu waliohamia Kibiti kwa kazi na hawajashuka bondeni, dungu ni kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo ndefu katikati ya shamba. Sakafu yake ni ya fito, paa ni la nyasi, na mtu hupanda kwa ngazi. Maji yakija hupita chini yake. Usiku hulindwa nguruwe na viboko, mchana watu huamia ndege. Familia nzima yaweza kukaa humo miezi, moto wa kupikia ukiwa huko huko juu kwenye udongo uliokandikwa.

Nikapiga hodi. Mama wa yule mtoto akachungulia, akaniamkia vizuri kuliko nilivyostahili. Nikaanza hotuba yangu juu ya faida ya elimu. Akanisikiliza, kisha akasema, "Mwalimu, panda kwanza uone."

Nilipanda kwa shida, maana ngazi ilikuwa ikicheza. Nilipoinua macho sikuamini kuwa niko Rufiji. Mpunga ulikuwa umeanza kugeuka rangi, na mto umekatiza katikati yake. Madungu mengine yalisimama mbali mbali, kila moja na uzi wake wa moshi, na watu wakiitana kutoka dungu hata dungu kama majirani wa nyumba za ukuta mmoja. Ng'ambo, upande wa kusini, vilima vya Wakichi, ambako nyuma yake ndiko Umatumbi, vita vya Maji Maji vilikoanzia mwaka 1905. Nilikuwa nimevifundisha vita hivyo mwaka mzima bila kujua vilitokea upande gani wa dirisha langu.

Lakini kilichonishika ni kitu kidogo. Niliona bati la paa la shule yetu likimeta juu ya kilima, dogo kama kisoda. Na kati ya bati lile na dungu lile niliiona njia yote: tope, mfereji, mtumbwi ambao ni lazima umngoje mwenyewe, kisha mpando. Mama akanieleza kwamba kundi la ndege hushuka kunapopambazuka, saa ile ile tunapogonga kengele. Mtoto akiondoka mapema, mpunga huliwa. Akikaa, fimbo inamngoja. Yeye alikuwa amejikunja pembeni, ameshika teo lake, hanitazami.

Sasa turudi kwa Habakuki. Watu wengi hudhani nabii yule alipanda mnarani ili atazame adui. Someni vizuri. Alikuwa na malalamiko yake kwa Mungu, naye akapanda mahali pa zamu angoje atakachoambiwa, na jinsi atakavyojibiwa juu ya lalamiko lake mwenyewe. Yaani alipanda akiwa tayari kusahihishwa. Mimi nilipanda kwa kulazimishwa, lakini nilisahihishwa vile vile. Isaya naye (1:8), akitaka kuonyesha jinsi Sayuni ulivyobaki mpweke, aliufananisha na kibanda cha mlinzi kilichoachwa shambani. Wasomaji wa Ulaya huhitaji maelezo ya chini ya ukurasa hapo. Mrufiji hahitaji. Amekwisha kuona dungu lililoachwa baada ya mavuno.

Si kila mahali pa juu humfundisha mtu. Mwaka 1915 ndege za Waingereza ziliruka kutoka kisiwa cha Mafia zikaitazama delta yetu kutoka juu. Zilikuwa zikiitafuta manowari ya Wajerumani, Königsberg, iliyojificha katika mikoko baada ya kuizamisha Pegasus huko Unguja tarehe 20 Septemba 1914. Kutoka angani waliwaelekeza wapiga mizinga, na tarehe 11 Julai 1915 Königsberg ikaisha. Waliona vizuri sana, ila walichotafuta ni shabaha. Shetani naye alimpandisha Bwana wetu mlima mrefu akamwonyesha milki zote za dunia (Mt. 4:8). Mandhari bila shaka ilikuwa nzuri.

Nasema haya kwa sababu ya maneno niliyoyasikia nje ya kanisa baada ya mafuriko ya Aprili 2024. Mashamba ya Rufiji na Kibiti yalizama. Wengine walilaumu mvua, wengine bwawa la Julius Nyerere, ambalo lilianza kujazwa maji Desemba 2022. Hayo sina utaalamu nayo. Lakini nilisikia pia, tena kwa wenzetu wenye nyumba barabarani, "Si waliambiwa wahame tangu zamani?" Ndugu yangu, maji yale yale yanayoharibu mpunga ndiyo yanayoacha udongo ambao mahindi ya mlau hupandwa humo yakipungua. Mwenye kusema hivyo namwomba ashuke siku moja, apande dungu, aseme maneno hayo akiwa juu yake. Pasipo kupanda, sadaka yake ya waathirika naipokea, ushauri wake auweke kwanza.

Zakayo naye alipanda mkuyu, mti tulio nao wengi kando ya mto wetu. Alitaka kuona tu. Yesu alipofika chini ya mti alimwambia ashuke upesi, kwa sababu siku ile atashinda nyumbani kwake (Lk. 19:5). Na aliposhuka alianza kuhesabu aliowadhulumu.

Mimi nilichelewa kuhesabu. Saa ya mtoto yule tuliibadilisha wiki ile ile, mwalimu mkuu akakubali awe akija baada ya ndege kutawanyika mpaka mavuno. Ila samahani sikuitamka. Mwalimu wa siku zile hakumwomba mtoto samahani.

Mwaka jana nilikuwa nikienda kusini kwa basi. Kwenye Daraja la Mkapa, lililofunguliwa mwaka 2003, nilimsihi dereva apunguze mwendo nitazame bonde. Hakupunguza. Tulipofika kituoni mtu mzima mwenye mvi akanishika begani, "Shikamoo mwalimu." Alikuwa yeye, ana wajukuu. Nikamwambia pale pale, mbele ya wauza korosho, neno nililolibeba miaka arobaini.

Akacheka. Akasema fimbo amekwisha kuzisahau, anachokumbuka ni jinsi mwalimu wake alivyotetemeka kwenye ile ngazi, mpaka mama yake akashuka kuishika.