Dhima ya Jina

Ni rahisi kusema kwamba mtu ampaye polisi jina la uongo ametenda kosa. Lililo gumu ni kueleza uongo wa jina ni nini, hasa katika nchi ya Wasukuma inayoizunguka Mwanza, ambako aghalabu mtu mmoja ana majina kadha wa kadha, na yote ni yake. Pacha wa kwanza huitwa Kulwa, wa pili Doto, na azaliwaye nyuma yao Shija. Akibatizwa huongezewa Petro au Yohana. Akiingia katika uvuvi hupata jina la utani, nalo huenda likajulikana mwaloni Kirumba kuliko yale mengine. Kulwa aliyeandikwa shuleni kwa jina la Petro, akiulizwa na polisi akajibu Kulwa, hakusema uongo, ijapokuwa kitambulisho chake hakilijui jina hilo. Karatasi haikumzaa.

Sheria nayo haikulisahau jambo hili. Kanuni ya Adhabu, iliyotungwa Tanganyika mwaka 1945 na kurithiwa na Tanzania, haimtii mtu hatiani kwa habari ya uongo aliyompa mtumishi wa serikali mpaka awe anajua kuwa ni ya uongo, naye amekusudia, au anajua yamkini, kumfanya mtumishi huyo atende asilopaswa kutenda, au atumie mamlaka yake kumwudhi mtu mwingine. Nia ndiyo moyo wa kosa. Na Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 haimlazimishi mshukiwa kuyajibu maswali ya polisi, isipokuwa lile la jina na anwani. Aweza kunyamaza juu ya alichotenda. Hawezi kunyamaza juu ya yeye ni nani.

Je, ni haki hiyo? Mvuvi aliyekamatwa na kokoro lililopigwa marufuku anajua kuwa jina lake ni mlango wa mahakama, na nyuma ya mlango huo iko faini, na nyuma ya faini njaa ya watoto. Hoja hii ina uzito, wala mwenye huruma hataidharau. Hata hivyo, jina peke yake haliungami kitu: halisemi kokoro lilikuwa la nani. Mwoga aliyeruhusiwa kunyamaza kuhusu mengine yote amepewa kimbilio la kutosha.

Mtetezi wake atasema kwamba jina la kubuni halimwumizi mtu. Ziwa lenyewe lilipata kutoa jibu. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza, wakafa mamia ya watu, wengi wao bila kuandikwa popote kuwa walipanda. Miongoni mwao alikuwamo Abu Ubaidah al-Banshiri, kiongozi wa kijeshi wa al-Qaeda, aliyewahi kuwa polisi kwao Misri, akisafiri kwa jina lisilo lake. (Hata hilo la al-Banshiri hakuzaliwa nalo.) Wenzake waliokuwa Nairobi walilazimika kuja ziwani kuhakikisha kama kweli amekufa. Jina lile lilifanya kazi yake kupita kiasi: lilimficha kwa serikali, likamficha na kwa watu wake.

Lakini jina la kubuni ni nadra. Mtu aliyeshikwa ghafula hana wasaa wa kutunga. Hutaja lililo karibu na ulimi, nalo aghalabu lina mwenyewe. Kulwa atamtaja Doto. Atapewa dhamana, atapanda kivuko cha Kamanga kwenda Sengerema, wala hatarudi. Hati ya kukamata itatoka kwa jina la Doto, naye Doto, ambaye hajapata kushika kokoro, atagongewa mlango alfajiri na kupelekwa kituoni. Huko atatoa kitambulisho, cheti cha ubatizo, na barua ya mwenyekiti wa mtaa, na kila karatasi itathibitisha kwamba yeye hasa ndiye Doto anayetafutwa.